Mlima Una Saa Yake: Habari za Maporomoko ya Theluji, Mawe na Tope



Leo twazungumza habari za milima inayoporomoka. Huenda mzee mmoja akauliza: watu wa Ngokolo na milima, wapi na wapi? Nchi yetu ni mbuga na tambarare, na miinuko tuliyo nayo ni vilima vya mawe ambavyo watoto huvipanda wakichunga mbuzi. Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu mapema. Kwanza, vijana wetu hawakai mahali pamoja. Hutoka kwenda kutafuta kazi na elimu, na wengine hufika Moshi, Morogoro, Mbulu na hata ng'ambo. Pili, nchi yetu ya almasi na dhahabu imejaa milima ambayo haikuumbwa, ila imerundikwa kwa mikono ya watu: malundo ya vifusi, kingo za mabwawa ya tope, na kuta za mashimo marefu. Sheria iangushayo theluji huko Ulaya ndiyo hiyo hiyo iangushayo ukingo wa shimo la dhahabu kwetu.

Neno letu kuu ni fupi. Kila mteremko una saa yake. Kuna saa ya kupita juu yake na saa ya kukaa mbali nao, na kabla ya kuanguka mara nyingi hutoa ishara. Nguvu za mtu hazimfai kitu mbele ya mlima unaoanguka. Lililo muhimu ni kuijua saa, kuitambua ishara, na kukumbuka yaliyowapata waliotangulia. Basi na tufuate habari hii tangu kale, tukianzia mbali na kumalizia mlangoni petu.

Theluji na majira yake

Wengi wetu hatujapata kushika theluji. Ni nyepesi kama pamba ikianguka, na mtu asiyeijua huidhani kitu cha kuchezea. Lakini hushuka tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na tabaka lake, kama nyasi zilivyopangwa katika paa la nyumba. Tabaka moja laweza kuwa gumu, na lililo chini yake likawa dhaifu, chembe zake zisishikane, kama sukari kavu. Likilemewa na theluji mpya, au mtu mmoja tu akipita juu, lile dhaifu huvunjika. Ndipo shuka lote la theluji hukatika na kuteremka kwa kishindo, likienda mwendo wa kilometa 100 kwa saa na zaidi.

Si kila mteremko ulio na hatari hiyo. Ule wa pole haufanyi theluji iteleze. Ule mkali mno hauishiki theluji nyingi, kwani hudondoka kidogo kidogo. Maporomoko mengi hutoka katika miteremko ya kati ya digrii 30 na 45, yaani mteremko uliokaribia ule wa paa la nyumba ya nyasi. Ndio mteremko hasa ambao macho huuona kuwa wapitika.

Majira ya kuchipua, yaani Machi, Aprili na Mei katika nchi za kaskazini, yana hila yake. Usiku mbingu zikiwa wazi, theluji huganda ikawa ngumu kama sakafu ya saruji, na asubuhi mtu hupita juu yake asizame. Jua likipanda, uso wake huyeyuka. Maji huchuruzika ndani, kati ya tabaka na tabaka, na mshikamano wake hulegea. Ifikapo adhuhuri sakafu ile imekuwa uji. Mteremko ule ule uliowabeba watu 10 saa moja asubuhi huenda usimbebe mmoja saa saba mchana. Kwa hiyo wenyeji wa milima hiyo huondoka kungali giza, na hurejea kabla jua halijakaza. Tena hukumbuka kwamba mteremko uelekeao mashariki huamka kwanza, kisha ule wa kusini, na ule wa magharibi huwa wa mwisho. Usiku ukiwa na mawingu na joto, theluji haigandi vema. Siku hiyo wenye busara hubaki nyumbani.

Ishara zake nazo zajulikana. Mguu ukizama hata goti. Vidonge vya theluji vikibingirika vyenyewe. Kishindo kizito kikisikika chini ya miguu. Ufa ukikimbia mbele ya msafiri. Au poromoko jingine likionekana limekwisha kushuka karibu: yote hayo yasema neno moja, yaani, rudi. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya poromoko ni hizo.

Ikiwa mtu amefukiwa, saa ndiyo hakimu. Theluji ikisimama hukaza kama saruji, wala aliyemo hawezi kujifukua. Wenzake wakimtoa katika dakika 10 za mwanzo, watu walio wengi hupona. Ikipita nusu saa, wengi wamekwisha kukosa pumzi. Hakuna wakati wa kwenda kuita watu kijijini. Ndiyo sababu kila msafiri huchukua vitu vitatu: chombo kidogo cha redio kitoacho mlio, ili wenzake wajue alipo; ufito mrefu wa kuchoma chini; na koleo. Tena huvuka mahali pa hatari mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama, ili likitokea la kutokea wabaki watu wa kuokoa.

Msitu wa Andermatt na gari moshi la Wellington

Huko Uswisi kuna kijiji kiitwacho Andermatt, kilicho chini ya mteremko mkali. Katika mwaka 1397 watu wake waliandika amri kwamba hapana mtu atakayekata mti katika msitu ulio juu ya kijiji, wala kuondoa matawi yake. Hawakuwa na vyombo vya kupimia wala vyuo vya elimu ya theluji. Walikuwa na macho na kumbukumbu tu. Waliona kwamba mahali penye miti theluji hushikwa na mashina isianze kuteleza, na mahali palipo wazi hushuka hata nyumbani kwa watu. Ni zaidi ya miaka 600 sasa, na kijiji kipo.

Habari nyingine yatoka Marekani, katika milima ya Cascade, mahali palipoitwa Wellington. Mwishoni mwa Februari 1910 magari moshi mawili yalikwama huko kwa theluji nyingi, na siku zikapita abiria wakingoja njia isafishwe. Kisha hali ya hewa ikageuka; baridi ikapungua, ikaja mvua na radi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi mteremko uliokuwa juu ya reli ukakatika, ukayachukua magari yale na watu waliokuwa wamelala ndani, ukayatupa bondeni. Watu 96 walikufa. Katika mteremko ule miti mingi ilikuwa imekwisha kuunguzwa na moto.

Tulinganishe habari hizi mbili. Andermatt miti ililindwa, Wellington iliteketea. Tena Wellington mvua na joto vililegeza kile ambacho baridi ilikuwa imekifunga. Mambo hayo mawili, mteremko uliovuliwa miti na maji yaliyoingia ndani yake, tutakutana nayo tena na tena katika nchi zetu, ijapokuwa theluji haipo.

Baada ya maafa mengi kama hayo watu waliona kwamba kumbukumbu za wazee hazina budi kuongezewa vipimo. Katika mwaka 1936 Waswisi waliweka kituo cha kuchunguza theluji mahali paitwapo Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zimekubaliana kutangaza hatari kwa ngazi tano, ngazi ya kwanza ikiwa ndogo na ya tano ikiwa kubwa kupita zote. Kila siku ya majira ya baridi watu husikia ngazi ya siku hiyo kabla ya kufunga mizigo yao.

Kilimanjaro, mahali barafu ilipofunga mawe

Sasa turudi Afrika. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri katika nchi ya Wachagga, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwongozaji wake aliuita weupe huo kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, na wataalamu wengine wa Ulaya, waliokaa katika vyumba vyao vya kusomea, wakakataa, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini Wachagga walikwisha kuijua. Rebmann alisimuliwa habari za watu waliotumwa na mtawala wa Machame kwenda kuutazama weupe ule. Wengi walipotea, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Basi elimu ya mlima ilikuwako kwa wenyeji, tena ilikuwa imelipiwa kwa gharama kubwa.

Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walijaribu kufika kileleni. Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku, wakakata vidato katika barafu, wakafika ukingoni mwa shimo la mlima wakiwa wamechoka. Na theluji ilikuwa imelainishwa na jua, kila hatua ikiwa taabu. Kilele kilikuwa mbele yao, lakini siku ilikuwa imekwenda. Wakageuka wakashuka. Wakapumzika, wakahamisha kambi mahali pa juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakaondoka tena kungali giza, wakapita katika vidato walivyokwisha kuvikata, wakafika kileleni asubuhi. Wanafunzi wetu hukariri tarehe ya ushindi, yaani tarehe 6. Sisi twawaomba wakariri na tarehe 3 pia, maana siku ile watu wale walikubali kurudi, na kwa kukubali kurudi walipata kufika.

Kilimanjaro haina maporomoko makubwa ya theluji kama ya Ulaya. Hatari yake ni mawe. Huko juu mawe mengi yamekaa katika miteremko mikali, na kinachoyashika ni barafu, kama udongo ushikavyo matofali ya ukuta. Barafu ikiyeyuka, mawe hubaki bila mshikaji. Na barafu ya Kilimanjaro imepungua sana: mwaka 1912 ilienea eneo la kilometa za mraba zipatazo 11 na nusu, na mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2.

Tarehe 4 Januari 2006 mawe yalianguka katika njia iitwayo Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo, yakawaua wapandaji watatu kutoka Marekani na kuwajeruhi watu wengine. Uchunguzi ulionyesha kwamba mawe yale yalifunguliwa kwa kuyeyuka kwa barafu iliyokuwa imeyashika. Njia ikafungwa, nayo haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2007. Mwezi wa Septemba 2015 jiwe lilimwua mpandaji mwingine katika upande huo huo. Waongozaji wenye busara huwataka watu wavae kofia ngumu, waanze safari kabla ya mapambazuko mawe yangali yamefungwa na baridi, na wasiketi kupumzika katika mikondo ambamo mawe hupita. Mwaona, basi, kwamba mashauri ya Uswisi na ya Kilimanjaro ni ndugu: pita baridi ingali inashika.

Twapenda kuongeza neno juu ya wapagazi na waongozaji. Mtu akisoma vitabu vya safari huona majina ya wageni waliofika kileleni, na majina ya waliowabebea chakula na mahema hayaonekani. Lakini aliye mlimani kila juma ndiye aujuaye mlima, naye ndiye akaaye katika hatari mara nyingi. Mgeni akiambiwa na mwongozaji wake, "Bwana, leo tusipite hapa," yafaa asikie, hata kama amelipa fedha nyingi kufika hapo.

Mvua na tope: Mgeta, Bududa na Hanang

Katika milima yetu iliyo mingi kazi ya theluji hufanywa na udongo, na kazi ya jua hufanywa na mvua. Udongo uliokauka umeshikana. Ukinywa maji kiasi, hukaa. Ukinywa kupita kiasi, uzito wake huongezeka na mshikamano wake hupungua, mpaka mteremko mzima huteleza. Majira ya hatari kwetu ni ya mvua, na hasa zile siku ambazo mvua kubwa huja juu ya ardhi iliyokwisha kulowana.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta, katika milima ya Uluguru. Kwa muda wa saa zipatazo tatu tu zilianguka milimita kama 100. Maporomoko madogo yaliyotokea yalipita 1,000. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipokwenda kuyatazama, waliona kwamba karibu yote yalianzia katika mashamba na katika majani. Yaliyoanzia msituni yalikuwa machache sana. Miaka mingi kabla ya hapo watu wa Andermatt walikuwa wameliandika jambo hilo katika amri yao. Mizizi ni kamba. Ukiikata kamba, usishangae mzigo ukianguka.

Lakini historia ya Uluguru yatufundisha na jambo la pili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia udongo. Kazi ilikuwa nzito, watu hawakuona faida yake, wala hawakuulizwa shauri. Na mwaka 1955 palitokea ghasia, na mpango ukaachwa. Shauri la usalama likija kwa amri tupu, bila kueleweka, watu hulitupa pamoja na aliyelileta. Andermatt watu walijiwekea amri wenyewe, nayo ikadumu.

Twende sasa Uganda, katika wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Udongo wa huko una rutuba nyingi, watu ni wengi, na miteremko imelimwa hata juu. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua za siku nyingi, mlima ulikatika ukafukia kijiji cha Nametsi na majirani zake. Watu waliokufa au kupotea walihesabiwa kuwa mamia. Baadhi yao walikuwa wamekimbilia katika zahanati ili kujikinga na mvua, na zahanati hiyo ilikuwa katika njia ya poromoko. Baadaye serikali ilihamisha watu kwenda Kiryandongo, mbali na mlima. Wengine walikaa huko, na wengine walirudi kwa sababu ya mashamba na makaburi ya wazee wao. Tarehe 11 Oktoba 2018 maafa yakatokea tena Bududa. Mawe na tope vikashuka mtoni, watu wengi wakafa.

Hatuwahukumu hao waliorudi. Mkulima hawezi kula usalama. Hula mahindi na ndizi. Lakini twaona hapo jambo gumu kuliko yote katika habari hii: mahali pa hatari mara nyingi ndipo penye riziki. Anayetaka kuwaondoa watu mlimani hana budi kuwapa shamba jingine lenye kulisha, vinginevyo maneno yake ni upepo.

Nasi wa Tanzania tulipata msiba wetu. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, katika mwaka wa mvua nyingi, sehemu ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400, ilimeguka. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ya upande ule ilinyonya maji mpaka ikashindwa kubeba uzito, ikakatika, ikawa tope. Tope lile, pamoja na mawe na miti, likashuka kwa kufuata mikondo ya maji mpaka mji mdogo wa Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi wao hawakuwa mlimani. Walikuwa vitandani mwao, chini, mahali tambarare, karibu na korongo. Basi na aliye bondeni asiseme kwamba mlima haumhusu. Korongo ni barabara, na lililoteremka zamani kwa barabara hiyo laweza kuteremka tena. Ukiona mawe makubwa yamelala katika shamba la tambarare, mbali na mlima, jiulize yalifikaje hapo.

Milima tuliyoijenga wenyewe

Sasa tumefika nyumbani. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, na tangu hapo udongo umechimbwa, ukaoshwa, na mabaki yake yakawekwa katika mabwawa ya tope yenye kingo za kujengwa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa moja ulibomoka, na tope likaenea katika vijiji vya jirani, likafunika nyumba, mashamba na malisho. Kwa rehema hapana aliyekufa, lakini jamaa nyingi zilipoteza makao. Hapo palikuwa tambarare kabisa. Mlima ulikuwa umejengwa na watu, nao ukafuata sheria ya milima yote: maji yakizidi ndani ya udongo na ukingo ukichoka, kilicho juu hutafuta njia ya kuwa chini.

Mashimo ya dhahabu ni mlima uliopinduliwa. Ukuta wa shimo ni mteremko, tena mkali kuliko wa Andermatt. Mwezi wa Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, shimo lilibomoka na kuwafungia wachimbaji chini. Watu wakawakatia tamaa. Baada ya siku 41, wachimbaji wenzao wakasikia sauti chini ya ardhi. Wakachimba, wakatoa watu watano wakiwa hai, waliokuwa wameishi kwa kula wadudu, vyura na mizizi, na kunywa maji yaliyodondoka mwambani. Mmoja wao alifariki baadaye hospitali. Mwezi wa Januari 2017, katika mkoa wa Geita, watu 15 walifukiwa chini ya mgodi, na baada ya siku tatu hivi wote wakatolewa wazima. Habari hizi zafurahisha, na twawasifu waliochimba usiku na mchana kuwaokoa wenzao. Lakini zisitudanganye. Kwa kila shimo lililowarudisha watu, yako mengine yasiyorudisha mtu.

Mwezi wa Januari 2024 shimo lilibomoka Ng'alita, wilayani Bariadi, nchi iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012. Wachimbaji zaidi ya 20 walikufa, wengi wao vijana. Mvua zilikuwa kubwa, na uchimbaji ulikuwa umekatazwa mahali hapo kwa sababu ya mvua hizo. Saa ya mlima ilikuwa imetangazwa. Njaa na tamaa ya dhahabu vikasema bado. Twajua kwamba kijana mwenye mama mgonjwa na watoto wa kulisha haingii shimoni kwa ujinga. Aingia kwa kuwa hana mlango mwingine. Kwa hiyo twasema na wenye maduara pia, na wanunuzi wa dhahabu, na viongozi wa vijiji: anayemlipa mtu ashuke shimoni wakati wa mvua, naye amelishika jiwe litakalomwangukia.

Na miti je? Wazee wa Shinyanga wakumbuka jinsi nchi ilivyofyekwa katika zama za ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na haja ya kuni vikaongeza. Nchi ikabaki wazi, maji ya mvua yakachimba makorongo. Mwaka 1986 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, ilianzishwa. Ilifanikiwa hasa pale iliporudi kwa desturi yetu wenyewe ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike, mpaka zaidi ya hekta 300,000 zikapata miti tena. Wasukuma walikuwa na amri yao kama ile ya Andermatt, nayo haikuandikwa katika karatasi. Iliandikwa katika mipaka ya ngitili.

Mambo ya kushika

Tumetembea mbali, na sasa yafaa tuweke mizigo chini na kuhesabu tulichopata.

La kwanza, ijue saa. Penye theluji na barafu, pita alfajiri kabla ya jua. Penye udongo, kaa mbali wakati wa mvua kubwa, na siku chache baada yake pia, maana maji hayatoki ardhini siku mvua inapokatika.

La pili, tazama ishara. Ufa mpya juu ya mteremko au ukingoni mwa shimo. Miti au nguzo zilizoinama ambazo jana zilisimama wima. Chemchemi iliyotokea mahali pakavu. Maji ya mto yaliyogeuka tope ghafula, au yaliyopungua mvua ingali inanyesha. Vijiwe vinavyodondoka, au mbao za kuzuia udongo zinazolia shimoni: hapo usibishane, ondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mlima hauzibiki. Dawa yake ni kuhama.

La tatu, chagua mahali pa kulala. Usijenge mdomoni mwa korongo wala chini ya lundo la vifusi. Mlima ukianza kushuka, usikimbie kulifuata korongo; kimbilia pembeni, mahali palipoinuka.

La nne, msiende wote pamoja mahali pa hatari. Awepo mtu wa juu ajuaye majina na idadi ya walioshuka. Desturi hiyo ya kuvuka theluji mmoja mmoja yafaa shimoni kama ifaavyo Uswisi.

La tano, tunzeni miti ya miteremko na ya vyanzo vya maji.

La sita, andikeni. Wanafunzi, hili ni lenu. Waulizeni babu na bibi zenu: mafuriko makubwa yalikuwa mwaka gani? Tope lilifika wapi? Shimo lipi lilibomoka, na mvua zilikuwa zimenyesha siku ngapi? Yaandikeni majibu katika daftari la shule, pamoja na mwaka na mahali. Mzee akifa pasipo kuulizwa, saa ya mlima huzikwa naye, na kizazi kitakachofuata hakina budi kuinunua upya kwa roho za watu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo leo. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Yeyote aliye na ndugu machimboni au milimani na amfikishie maneno haya kabla hazijaanza.